Shimo Lililouona Mnara

"Hii si ramani yangu," alisema mchora ramani kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu hakuinua sauti.

Inspekta aliigeuza karatasi imwelekee vizuri. Ilikuwa ramani ya kujaza meza nzima, yenye kilima katikati, na kileleni alama ndogo nyeusi ya mnara wa umeme wa upepo uliopangwa kujengwa. Palipopakwa rangi ya chungwa, mtu akisimama angeuona mnara. Palipoachwa peupe, asingeuona. Bonde lote la magharibi, nyumba arobaini na moja, lilikuwa jeupe kama shuka iliyotoka kufuliwa.

"Chini pale kuna jina lako."

"Naliona."

"Faili ilihifadhiwa kwenye kompyuta yako, kwa neno lako la siri, Jumamosi ya tarehe kumi na nne, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi."

"Hilo nimeambiwa."

"Na hiyo ramani ya kwanza, unayosema ndiyo yako, iko wapi?"

"Hii imehifadhiwa juu yake. Ya kwanza haipo tena."

"Kwa hiyo mimi nina ramani moja, jina moja na kompyuta moja."

"Una ramani moja ya uongo, afande. Kuitafuta ya kweli ni kazi yako. Kuichora ilikuwa kazi yangu, na niliifanya."

Inspekta alikuwa amehoji watu kwa miaka ishirini na sita, mingi kati ya hiyo kwenye dawati la nyaraka za kughushi: hati za viwanja, vyeti vya shule, wosia wa marehemu ambao hawakujua kusoma wala kuandika. Wenzake kituoni walimwita Rula, kwa kuwa hakuamini kitu kabla ya kukipima, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Waongo alikuwa amewaona wa kila namna. Wengi wao huomba wahurumiwe. Mwanamke huyu wa miaka thelathini na mitatu, mgongo umenyooka kama amemeza ufagio, hakuomba hata maji ya kunywa.

Na shingo yake ilikuwa kwenye kamba. Sheria ya mipango ilikuwa wazi: kila nyumba itakayouona mnara lazima iitwe na isikilizwe kabla kibali hakijatolewa. Nyumba iliyo kwenye weupe haina sauti. Kikao kilikuwa Alhamisi saa tatu asubuhi, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. Ramani ikipita, bonde zima lingenyamazishwa. Ikikataliwa huku jina lake likiwa chini yake, leseni yake ingekwenda na maji, na baada ya leseni, mahakama.

Inspekta alifungua jalada, akasoma maelezo ya meneja wa ofisi ya ramani. "'Siku hiyo ofisini tulikuwa watu wawili tu, mimi na yeye. Nilimwona kwa macho yangu ameketi mbele ya kompyuta yake yapata saa nne na robo. Nilimpelekea chai.'"

"Mimi sinywi chai."

"Basi ulikuwa wapi saa hiyo?"

"Kazini."

"Kazini wapi?"

Mchora ramani alifumba mdomo. Inspekta aliandika kwenye daftari lake: Ana cha kujitetea, hataki. Kwa nini?

*

Mlalamikaji alikuwa bibi wa miaka sitini na tisa. Watu wa bondeni walimwita Mama Posta, kwa sababu alikuwa amewapelekea barua kwa miguu miaka thelathini na mmoja. Malalamiko yake yalikuwa kurasa mbili zenye mwandiko ulionyooka, na ndani yake aliorodhesha nyumba zote arobaini na moja, kila moja na upande ambao mlango wake unatazama.

"Nilitaka kuuliza kuhusu hii orodha yako, mama," Inspekta alisema.

"Orodha haiulizwi, mwanangu. Inatembelewa. Viatu vyako vinafaa?"

Walitembea. Kileleni mwa kilima ulisimama mlingoti mwembamba, mwekundu na mweupe, uliowekwa mwaka uliopita kupima nguvu ya upepo. Mama Posta hakusema mengi. Kila mlango waliofika, alisimama, akageuza mgongo kwenye mlango, akanyoosha kidole. Na kila kidole kilipoelekea, mlingoti ulikuwepo. Waliuona kwa fundi viatu. Waliuona kwa mkunga, juu ya paa la banda. Kwa mapacha wawili wazee wasiosemeshana waliuona mara mbili, maana kila mmoja alidai mlango wake ndio wenye mandhari nzuri zaidi.

"Ule mlingoti ni wa mita sitini," Mama Posta alisema walipofika nyumba ya mwisho. "Umeuona?"

"Nimeuona."

"Mnara utakuwa wa mita mia na arobaini, pale pale. Sasa utajificha wapi? Mfukoni mwa nani?"

Inspekta alicheka, ingawa kazini hakuwa mtu wa kucheka. "Huutaki mnara, mama?"

"Nani kasema siutaki? Labda nautaka. Nataka niulizwe. Miaka thelathini na mmoja nimegonga hodi kwenye milango hii, leo mtu anachora karatasi inayosema hapana kitu hapa."

"Una ugomvi na aliyeichora?"

"Sina ugomvi na mtu anayefanya kazi yake." Jibu lilitoka haraka, kama lilikuwa limewekwa tayari.

"Kuna jambo jingine ungependa kuniambia?"

Bibi alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vyenye vumbi. "Leo hapana. Nenda ukapime kwanza."

*

Swali la kwanza la dawati la nyaraka ni lile lile siku zote: nani anafaidika? Bonde likinyamaza, kampuni ya mnara inapata kibali bila kelele. Inspekta alimkuta injinia wa kampuni ndani ya kontena lililogeuzwa ofisi, kuta zake zimebandikwa michoro hadi kwenye dari. Alimpa pole ya kazi, kisha akamuuliza bila kuzunguka kama ndiye aliyeagiza bonde lifichwe.

Injinia alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka. "Niufiche? Afande, mimi naujenga mnara wa mita mia na arobaini! Nimekaa miaka sita kuuota. Nautaka uonekane bondeni, uonekane mjini, ningeweza ungeonekana hadi jikoni kwa mama yangu, ambaye mpaka leo anawaambia majirani nafanya kazi ya feni!"

"Basi nionyeshe unakotaka kuujenga."

Alimwonyesha. Mchoro ulisema kileleni, palipo mlingoti, urefu mita mia na arobaini. Inspekta alitoa rula yake, akapima kwenye mchoro, akapima kwenye ramani. Alama ilikuwa mahali pake. Urefu ulioandikwa pembeni ulikuwa sahihi. Alikuwa amekuja akiwa na hakika kwamba kuna mtu aliyeufupisha mnara, na sasa hakika hiyo ilikuwa imeyeyuka mikononi mwake.

"Nikitaka ramani kama hii iseme uongo, nifanyeje?" aliuliza.

Injinia alikuna kichwa. "Kompyuta haina akili, afande. Inapewa miinuko ya ardhi iliyokatwakatwa kuwa vimraba vidogo. Halafu inasimama juu ya ncha ya mnara na kutazama kila kimraba, kimoja kimoja. Udongo ukiingia katikati, kimraba kinabaki cheupe. Usipoingia, kinapakwa rangi. Basi."

"Na inajuaje ncha ya mnara ilipo?"

"Inaambiwa. Unaweka nukta, na nukta hiyo haichapwi kwenye karatasi."

"Na hii alama nyeusi?"

"Hiyo ni picha tu. Pambo. Unaweza kuibandika popote."

Jioni, ofisini, Inspekta aliitandika ramani sakafuni akapiga magoti juu yake. Mchana kutwa alikuwa ametazama kilichofichwa, kwa hiyo sasa alianza kutazama kilichoonyeshwa. Alikwenda polepole, kidole kikifuata rangi ya chungwa kutoka kaskazini hadi mashariki, na upande wa mashariki, chini ya kilima, kidole kilisimama. Ndani ya weupe wa shimo moja kubwa kulikuwa na doa dogo la chungwa, ukubwa wa punje ya mahindi. Maandishi kando yake yalisema: machimbo ya mawe.

Shimo lilikuwa linauona mnara, na nyumba za bondeni hazikuuona.

*

Jumatano saa moja asubuhi alikuwa chini ya shimo. Ukuta wa mwamba ulisimama mbele yake, juu kuliko nyumba ya ghorofa kumi na tano, na juu yake kipande cha mbingu. Mwendesha tingatinga alizima injini, akashuka kuona afande anatafuta nini.

"Kutokea hapa unauona ule mlingoti wa kileleni?" Inspekta aliuliza.

"Hapa? Hapa nauona ukuta, afande. Miaka tisa nautazama huu huu, nimeshauzoea kama mke."

"Hata mlingoti ungekuwa mara mbili na zaidi?"

"Hata ungekuwa mara mbili. Kilele kiko nyuma sana, ukuta unakula kila kitu." Alinyoosha mkono juu. "Kinachokaribia kuonekana ni lile bega la kilima, pale penye jiwe jeupe. Mwaka juzi wapimaji walisimika nguzo pale. Nguzo yenyewe hatukuiona vizuri, ila bendera yake juu tuliiona. Liko karibu, ndiyo maana."

"Bega liko chini ya kilele kwa kiasi gani?"

"Kwa kukisia? Mita mia na sitini hivi. Na umbali wake mia tatu na kitu, upande huu wa kwetu."

Inspekta alitazama juu alikoelekezwa. Kisha akampa mkono kama anayempa hongera, na mwendesha tingatinga akaupokea bila kujua kafanya nini.

Mnara ulikuwa haujafupishwa. Ulikuwa umehamishwa. Mtu alichukua nukta isiyochapwa akaishusha kutoka kileleni hadi begani, upande wa pili wa kilima, ili kilele chenyewe kiwe pazia mbele ya macho ya bonde. Kisha akabandika ile picha nyeusi kileleni, kila kitu kionekane kama kilivyo. Lakini mnara uliokimbizwa kutoka bondeni ulikuwa umekwenda kusimama juu ya machimbo. Mhamishaji hakujisumbua kutazama upande huo, kwani ni nani angekagua ramani akiwa ndani ya shimo?

Saa nne alimwita mchora ramani na kumketisha mbele ya kompyuta ya kituo. Takwimu za miinuko zilikuwa zimeletwa upya kutoka idara ya upimaji, ndani ya bahasha yenye lakiri, na mtaalamu wa kompyuta wa polisi alisimama nyuma ya kiti akiandika kila kitufe kilichobonyezwa.

"Weka nukta kileleni," Inspekta alisema.

Aliiweka. Vidole vyake vilikwenda kama vya mshonaji aliyezoea cherehani yake. Baada ya dakika nne rangi ilianza kumwagika kwenye kioo. Bonde lote lilikuwa la chungwa, na machimbo yalikuwa meupe.

"Hii ndiyo yangu," alisema mchora ramani, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitikisika.

"Sasa iweke begani, penye jiwe jeupe."

Mchora ramani aligeuka na kumtazama. Alielewa kabla sentensi haijaisha. Safari hii dakika nne zilikuwa ndefu. Bonde likawa jeupe, na upande wa mashariki punje moja ya mahindi ikawaka ndani ya shimo. Mtaalamu aliilaza juu ya ramani iliyowasilishwa, akahesabu kimraba kwa kimraba. Hakuna hata kimoja kilichotofautiana.

"Hilo bega umeligunduaje?" mchora ramani aliuliza.

"Nimetembea." Inspekta alivuta kiti. "Uongo ninao sasa. Mwongo bado. Faili ilihifadhiwa saa nne na dakika kumi na mbili. Ulikuwa wapi?"

Mchora ramani alikigeukia tena kioo.

"Binti yangu, usinifanye nikukamate kwa kukosa jibu ulilonalo."

"Nilikuwa bondeni," alisema hatimaye. "Ramani ya kompyuta haitoshi. Ukimaliza kuichora unaikagua kwa macho, mlango kwa mlango. Meneja ndiye aliyeniambia nisiifunge kompyuta Ijumaa, kwamba kuna kazi inaendelea. Picha nilizopiga bondeni ziko kwenye kamera ya ofisi, na kamera anayo yeye."

"Ulikuwa na nani?"

"Na yule aliyenishitaki." Alikaza taya. "Alinionyesha milango yote arobaini na moja. Wiki moja baadaye ananiandikia malalamiko. Sitaki kuokolewa na mtu anayeniona mwongo."

*

Mama Posta alikuwa ameketi barazani, amevaa viatu vya kutokea, mkoba magotini. Inspekta hakukaa.

"Jumamosi ya tarehe kumi na nne ulikuwa na mchora ramani."

"Umepima?"

"Nimepima. Ramani ni ya uongo, na nimeonyesha ilivyofanywa."

"Basi sasa niulize." Bibi alifungua mkoba akatoa daftari jembamba lenye jalada la plastiki. "Ukifanya kazi ya barua unaandika saa kila mlango. Nimestaafu, mkono haujastaafu. Soma ishirini na tatu."

Inspekta alisoma. Nyumba ya ishirini na tatu, fundi viatu, saa nne na dakika kumi. Ya ishirini na nne, mkunga, saa nne na ishirini. Kando ya kila mstari palikuwa na sahihi ya mwenye nyumba, na wasiojua kuandika walikuwa wameweka dole gumba.

"Walitia sahihi siku ile ile, mbele yake," bibi alisema. "Kasimama pale kwa fundi viatu na ile kamera, anahema kwa mlima. Na huko ofisini ni mwendo wa saa nzima kwa gari."

"Kwa nini hukunipa hili jana?"

"Kwa sababu ni mkwe wangu. Ameolewa na mwanangu wa pili, dereva wa malori, yuko safarini mwezi mzima. Ramani ile ya kwanza niliiona kwenye meza yangu ya kulia chakula, bonde letu lote la chungwa, tukaikagua pamoja, naye akaikabidhi ofisini. Halafu nikaenda ofisi ya mipango, nikaikuta nyeupe na jina lake chini. Nilijua pale pale si mkono wake." Alifunga mkoba. "Ningekuambia jana, ungeandika: mamamkwe anambeba. Kwa hiyo nililalamika kama mtu baki, nikaiacha ramani ijiumbue yenyewe."

"Yeye anadhani umemshitaki."

"Najua. Wiki mbili hanisemeshi. Ningemwambia angenikataza. Ana kiburi yule, hataki kubebwa." Alinyanyuka, akanyoosha nguo yake. "Nilimpenda kwa hicho hicho. Mpole ningemfanyia nini?"

Inspekta alipita kwa fundi viatu na kwa mkunga, akamwonyesha kila mmoja sahihi yake na kumuuliza peke yake. Majibu hayakupishana.

*

Meneja alimpokea kwa tabasamu pana na kumkaribisha kiti. Inspekta alikaa, akaweka daftari lake mezani.

"Nataka turudie maelezo yako. Jumamosi ile mlikuwa wangapi ofisini?"

"Wawili. Mimi na yeye."

"Mlinzi?"

"Jumamosi hatuna mlinzi."

"Mfagizi? Mgeni? Mtu aliyepotea njia?"

"Afande, nimeshaapa. Wawili tu. Mlango unafungwa na funguo ninazo mimi."

"Uko tayari kuweka sahihi tena?"

Aliiweka, kwa mbwembwe. Inspekta aliivuta karatasi upande wake kwanza, kisha akafungua nakala za daftari la Mama Posta, akazipanga moja moja mbele yake. Meneja alisoma. Alipofika nyumba ya ishirini na tatu midomo yake iliacha kusogea.

"Saa nne na dakika kumi alikuwa bondeni," Inspekta alisema. "Nina mashahidi wawili hata nikiiacha familia yake nje. Kwenye ofisi yako ya watu wawili, mtoe yeye. Anabaki nani?"

Meneja alitazama mlango, kisha dirisha, kisha sahihi yake ambayo wino wake ulikuwa bado haujakauka. "Nyumba arobaini na moja," alisema taratibu. "Unajua hivyo ni vikao vingapi? Niliwaahidi wenye kampuni ya mnara kibali kabla ya mwisho wa mwezi. Niliahidi kwa mdomo wangu, mbele ya wakurugenzi wao."

"Na kamera?"

Alifungua mtoto wa meza, akaitoa.

*

Alhamisi saa tatu ukumbi wa kikao ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Mwenyekiti alisoma taarifa ya polisi pamoja na ushahidi wa Mama Posta, akaiondoa ramani ya uongo kwenye kumbukumbu, akaahirisha kikao hadi kila nyumba ya bondeni iitwe. Mapacha wazee walipiga makofi kwa pamoja, wakakasirika kwa kugundua hivyo. Injinia, ambaye kibali chake kilikuwa kimesogea miezi, alipiga makofi kuliko wote, akaomba nakala ya ramani mpya aipeleke kwa mama yake.

Kisha mchora ramani aliitwa mbele. Aliibandika ramani yake ukutani, bonde limewaka chungwa, na akaanza kuieleza mlango kwa mlango, bila karatasi. Watu walisikia nyumba zao zikitajwa na wakakaa sawasawa vitini.

Inspekta alisimama nyuma, karibu na mlango. Alikuwa amefunga majalada mengi, lakini hakukumbuka lini mara ya mwisho alibaki kusikiliza. Kando yake Mama Posta alikuwa ananyoosha shingo ili aone. Mchora ramani alipofika nyumba ya thelathini na nane alikwama kidogo, akatafuta kwa macho ukumbi mzima, hadi akamkuta.

"Ile ya mjane, mama, mlango wake unatazama kaskazini au magharibi?"

"Magharibi," Mama Posta alijibu kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka barabarani. "Aliubadilisha baada ya mvua."

"Magharibi," alisema mchora ramani, akaendelea. Lakini kabla hajaendelea alikuwa ametabasamu.

Mama Posta alimgeukia askari wa mlangoni, mtu asiyemjua kabisa, akamgusa mkono. "Yule pale," alisema, "ni mke wa mwanangu. Ramani hiyo kaichora yeye."